Siku Tuliyowaficha Wafadhili Njaa Yetu

Sisi tuliokulia Kadutu, mtaa wa mlimani, tulikijua Kiingereza kwa harufu kabla ya kukijua kwa maneno. Kilinukia gundi na karatasi mpya, kwa sababu kilitufikia ndani ya maboksi, kutoka parokia fulani ya Ulaya iliyokuwa imefunga undugu na parokia yetu. Wakubwa waliuita undugu huo jumelage. Sisi watoto tulichojua ni kwamba mahali fulani penye baridi kuna wazungu wanaomlipa mwalimu, wanaonunua vitabu, kaseti na betri za redio, ili watoto wa mlimani wasome Kiingereza bure kila alasiri katika ukumbi wa nyuma ya kanisa.

Rika langu mnakumbuka mteremko ule mvua ikinyesha. Tuliteremka kwa makalio, viatu mkononi, maana kiatu kilikuwa na thamani kuliko suruali. Tulifika ukumbini tumejaa matope, vinywa vikinuka sambaza, visamaki vya ziwani, za kukaanga, tukabanana watano kwenye kitabu kimoja. Redio ya kaseti ilisema, nasi tukarudia kwa sauti ya kutikisa mabati. Jioni tulikuwa na mchezo wetu: mmoja anakuwa kaseti, anabwabwaja Kiingereza cha kubuni bila kupumua, mwingine anamfinya sikio kumzima. Maman alikuwa akituita kutoka juu, "Weye! Kingereza haipikake bugali! Kuya uchote maji!" Lakini huyo huyo, akifika bombani, aliwasimulia wenzake mpaka wakamchoka kwamba binti zake wanasema na wazungu.

Vijana wa leo wana Kiingereza ndani ya simu, usiku na mchana, na bado wakiandikiana wanaweka maneno mawili na picha ya mtu anayecheka mpaka analia. Baba yao wanamwita "bro". Enzi zetu ungemwita papa hivyo ungelala nje na mbwa.

Mwenye kipaji nyumbani kwetu hakuwa mimi, alikuwa dada yangu mkubwa, Nsimire. Mimi nilikuwa najua nyimbo tu. Yeye alikisema Kiingereza kana kwamba alizaliwa nacho, na mwalimu wetu, maître Bisimwa, mtu mrefu mwenye koti moja la kahawia, alikuwa akizima redio ili amsikilize. Wafadhili walikuwa wameahidi kwamba atakayefaulu mtihani wa mwisho watamsomesha ualimu wa lugha Kampala, kisha arudi kufundisha ukumbini kwetu. Nsimire alibakiza mwaka mmoja. Papa, aliyekuwa akibeba mizigo bandarini maboti ya kisiwani Idjwi yakifika, alishaanza kutembea kama baba wa mwalimu.

Ndipo tukasikia kwamba wafadhili wenyewe wanakuja. Padri alilisema wazi kanisani: wanakuja kutazama kinachopungua, ili waamue kuendelea au la. Na kilichopungua kilikuwa kingi. Paa lilivuja, vitabu vilikuwa vimechakaa, mshahara wa maître ulikuwa ukichelewa, watoto wengine walisinzia kwenye benchi kwa sababu hawajala tangu jana.

Sasa sikilizeni tulichofanya, kwa kuwa nyinyi mngefanya vilevile.

Tulipiga salongo juma zima. Mtaa mzima ulitoka na majembe na fagio, barabara ikasawazishwa, ukumbi ukapakwa chokaa. Akina mama walileta makochi ya sebuleni mwao pamoja na vitambaa vya kufuma vya kuyafunika. Tonton mmoja, mjomba wa mtaani aliyekuwa fundi wa umeme, alileta jenereta. Vitabu tuliazima kwenye shule ya masista, tukajaza rafu mpaka juu. Mchele wa Luberizi ukapikwa, na samaki, na kuku waliokuwa wanangojea Noeli. Mabati yanayovuja tuliyafunika kwa turubai, na Mungu naye akatusaidia kwa kuzuia mvua. Watoto waliozoea kusinzia walibakizwa nyumbani. Usiku wa kuamkia siku hiyo maman alituweka mbele yake, akatukagua kucha, akasema, "Bageni bakifika, hakuna mutoto atasema ati ana njaa. Bakiuliza, museme tunashukuru, tuko bien. Musituletee haya."

Hakuna aliyeona kwamba tunajichimbia shimo. Mgeni kwetu anapokelewa hivyo. Ukimwonyesha mgeni sufuria tupu umemtukana, na umejitukana mwenyewe.

Walikuja watatu. Tuliimba, tukacheza, tukawavisha vitenge, tukawapa mbuzi. Kisha yule mama wa kizungu, mwenye nywele nyeupe na macho mema, akaomba kusema na mwanafunzi mmoja. Nsimire akasimama. Mama yule akamuuliza kwa Kiingereza, taratibu, akimtazama usoni: mnakosa nini hapa? Alimuuliza mara ya pili, labda alihisi jambo. Nikamwona dada yangu anageuka kidogo kuwatazama wazazi wetu waliokaa kwenye makochi ya kuazima. Papa alikuwa amevaa shati la jirani. Nsimire akarudi kwa mgeni, akamjibu kwa Kiingereza safi kwamba hatukosi kitu, tunashukuru.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Maître Bisimwa naye alipiga, lakini alikuwa anatazama chini.

Mvua zilizofuata, padri alisimama baada ya misa, akatoa tangazo kwa sauti ambayo sijaisahau. Ndugu zetu wa Ulaya wanatupongeza. Wamefurahi kuona kwamba jumuiya yetu inaweza kusimama kwa miguu yake. Msaada wao sasa utaelekezwa mahali penye shida zaidi. Watu wengine walipiga makofi kabla ya kuelewa. Maman hakupiga. Alikaza kitenge chake kiunoni, akatoka nje ya kanisa, na jioni ile hakupika.

Wazazi walijaribu kuchanga kumlipa maître. Walichanga kidogo, wakachoka, kisha betri za redio zikaisha na hakuna aliyenunua nyingine. Bisimwa alivumilia zaidi ya alivyopaswa. Mwishowe aliondoka kwenda kwenye machimbo ya dhahabu, Shabunda, na koti lake lile. Shimo lilimwangukia huko. Habari ililetwa na mchuuzi, kwa maneno machache, na hatukuwa na mwili wa kuzika. Mtihani wa Nsimire haukufanyika. Aliolewa kijijini Mumosho, akalima mihogo, na kwa miaka mingi sikumsikia akitamka neno moja la Kiingereza, hata watoto wake walipomwomba. Nilikuwa nakasirika. Namkasirikia bado yule mama wa macho mema, na nawakasirikia wazazi wangu walio kaburini, na najua hakuna kati yao aliyetaka ubaya.

Leo Nsimire ana mvi. Mapigano yalipowafikia alikuja kwangu na wajukuu, tunalala wote vyumba viwili. Mabenki yamefungwa, mashirika mengi yamefunga virago, na zile programu za lugha tulizokuwa tunasikia shuleni zimekwenda nayo. Enzi zetu hatukuwa na kitu, lakini kulikuwa na mlango mmoja wazi nyuma ya kanisa, na mtoto aliweza kuuona kutoka mlimani. Wajukuu hawa nikiwauliza wanataka kuwa nini, wananiuliza leo tutakula nini.

Juzi tuliitwa kwenye uwanja wa shule, tukaambiwa kuna mgeni atapita kutazama hali ya waliokimbia. Alipita kweli, mzungu aliyevaa gileti, kizibao chenye nembo ya shirika, na binti mkalimani mwenye simu mkononi. "Anauliza kama muko bien," binti akasema. Akina mama wakajibu kama kawaida yetu, tunashukuru, Mungu iko. Ndipo nikamwona dada yangu anainuka kutoka chini tulipoketi, anashika goti kwa maumivu, anamwambia mzungu yule, kwa Kiingereza kilekile cha ukumbini, kwamba hatuko sawa, kwamba watoto wanalala na njaa, kwamba mdogo wao amevimba miguu.

Mgeni alisimama. Alimtazama, akatabasamu, akamuuliza alijifunzia wapi. Akamwambia ana Kiingereza kizuri sana. Wakapeana mkono, kisha akasogea kwa waliofuata, na baadaye gari likaondoka.

Nsimire alirudi akaketi karibu nami. Alikaa akiutazama mkono ule.

"Nilimwambia batoto banalala njaa," akasema. "Yeye alisikia Kingereza tu."