Baraka Alivyolia Kwenye Chai

Majani mabichi ya chai hayanukii chai, ndugu yangu. Yananuka kama nyasi zilizolowa umande. Juzi hapa Ilomba nilikuwa nimetoka kung'oa magugu uani, harufu hiyo ingali mikononi, mdogo wangu Baraka akaniwekea mbele mchoro wa vijia vilivyosokotana. Juu yake pameandikwa neno la Kiingereza, maze.

"Dada, maana yake nini hii?"

Nilijua ni njia za kupotezana, basi. Tukatafuta kwenye simu. Kumbe zamani Waingereza walilitumia kwa bumbuwazi la mtu, kichwa kinapomzunguka; baadaye ndipo likahamia kwenye njia zenyewe. Nikacheka, maana ile maana ya zamani naijua kwa miguu.

Tulikaa Mufindi, nina miaka saba, mama anachuma chai. Likizo ikifika, kazi yangu ilikuwa kumbeba Baraka mgongoni nimpeleke shambani akanyonye. Siku moja ukungu ukashuka tukiwa katikati ya mashamba. Chai ilinifika kifuani, na kila kijia kilifanana na mwenzake. Nikakata kulia, nikakata kushoto, nikajikuta kwenye kisiki kile kile nilichokwisha kukipita.

Baraka njaa ikamshika, akaanza kulia. Nikamtikisa, nikamwimbia, nyamaza bwana, nyamaza. Niliogopa mama akijua tumepotea hatanipa mtoto tena, na kumbeba Baraka ndicho cheo pekee nilichokuwa nacho pale nyumbani. Mwishowe miguu ikagoma. Nikakaa chini, nikamwacha alie. Alilia, jamani, kilio cha kuamsha kijiji.

Ndani ya ukungu nikasikia mchumaji mmoja akisema, "Mama Neema, redio yako leo ina betri mpya."

Wenzake wakacheka. Kisha sauti ya mama: "Neema, usimnyamazishe. Kaa hapo hapo, namfuata yeye."

Akatokea mstari wa jirani tu, kapu mgongoni, vidole vyeusi kwa utomvu. Hakugomba. Alimnyonyesha pale pale, akanipa kiazi cha kuchemsha, cha baridi, akasema, "Kesho mkipotea, mwache alie mapema."

Kesho. Kumbe nitapewa tena mtoto. Kiazi kile kilikuwa kitamu mno.

Chai ile, nimekuja kutambua ukubwani, ilipandwa kwa kamba, mistari imenyooka kabisa. Kilichosokotana kilikuwa kichwa changu. Na kati yetu wawili, aliyepotea nilikuwa mimi peke yangu. Baraka alikuwa anamwita mama.