Mwaka Kibet Alipoacha Kuchekesha

Siku za kazi, Shigeki Awano hung'arisha pete za ndoa katika karakana moja ya Hockley, Birmingham. Jumamosi huwachekesha Wakenya. Kiswahili alikipata Kapsabet, alikofundisha hesabu miaka mitatu kwa kujitolea. Huko pia alimpata mkewe Chepkoech, ambaye sasa ni nesi, na jina la Kibet, alilopewa na wakwe walioshindwa kulitamka la kwanza. Mjapani anayemwiga mwalimu mkuu wa Nandi akiwatangazia wazazi karo mpya ni kitu ambacho Mkenya wa Birmingham hawezi kukitazama akiwa ameketi wima.

Hilo ndilo lililokuwa tatizo lake. Kibet alitaka kuwa mwimbaji, tena si wa mzaha: wa mapenzi, wa polepole. Kufikia Oktoba 2018 alikuwa na nyimbo nne za Kiswahili, zote kuhusu mke anayerudi kutoka zamu akiwa hoi, na ombi moja tu kwa dunia: auimbe mmoja hadi mwisho bila mtu kucheka.

"Nyimbo?" aliuliza Cleopas, mwenyekiti wa chama cha Wakenya, walipokuwa wakipanga sherehe ya Jamhuri. "Sawa, ndugu yangu. Lakini katikati utatuwekea ile ya headmaster."

"Hakuna headmaster."

"Wah! Hiyo itakuwa moto," akasema Cleopas, akiamini amekwisha kuchekeshwa.

Kibet alijiandaa. Alinunua suti nyeusi. Aliacha kutabasamu tangu Alhamisi. Katika ukumbi wa Digbeth, alipopanda jukwaani bila neno, meza za mbele zilianza kuicheka suti. Alipofumba macho, watu walipiga meza. Katika ubeti wa pili, pale anapomvua mkewe viatu mlangoni, nesi aitwaye Kemunto alitolewa nje apate kupumua. Kibet alisimamisha muziki.

"Tafadhali msicheke," akasema. "Huu ni wimbo wa kweli."

Hapo ndipo watu walipoanguka kutoka vitini. Hata Chepkoech alikuwa ameuma ncha ya kitambaa chake.

Video ilifika Eldoret kabla ya Jumapili. "Vile anaimba nje ya ufunguo wa muziki makusudi!" Cleopas aliwaeleza watu, kwa sauti ya mjuzi. "Hakosei kukosea hata mara moja. Hicho ni kipaji."

Kibet hakujua kwamba alikuwa nje ya ufunguo. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba hajui.

Aliyemwambia ni Surinder, mwenye karakana, Singasinga aliyezaliwa Kisumu na ambaye amepiga kinanda hekaluni kwa miaka arobaini. Jumatatu, Kibet alikuwa akiuimba wimbo huo kazini. Surinder akazima mashine.

"Anza tena."

Akaanza tena.

"Hapo pa viatu. Umeshuka."

"Nimeshuka?"

"Sana, bwana. Kila mara. Hakuna mtu amekwambia?"

Kibet anasema hajawahi kufurahi namna ile: hatimaye mtu alikuwa amesikiliza kiasi cha kupata kosa. Tangu siku hiyo, kila saa ya chakula cha mchana, Surinder alimrudisha kwenye mstari uleule kama anavyomrudishia pete yenye mkwaruzo.

Pasaka ya 2019, ukumbi uleule, suti ileile. Kemunto alikuja na leso mbili. Kibet akaimba, na sauti ikakaa mahali pake, hata pale pa viatu. Watu wakasubiri. Wakausubiri ubeti wa tatu. Mtu akakohoa. Mwishoni wakapiga makofi, yale anayopigiwa mweka hazina akimaliza kusoma ripoti, kisha wakaenda kupanga foleni ya pilau.

Cleopas alimvuta kando. "Kibet, pole. Kuna shida nyumbani? Ni stress?"

"Hapana, Mwenyekiti. Hakuna aliyecheka. Uliona?"

"Tuliona sote, ndugu yangu. Usijali, comedy itarudi."

Chepkoech peke yake hakuwa kwenye foleni. Alikuwa ametoka moja kwa moja kazini, na viatu vyake vilikuwa chini ya meza, bila miguu.

"Rudia hapo pa viatu," akamwambia. "Ile siku ya Jamhuri sikuyasikia maneno."

Akarudia, bila kipaza sauti, amesimama katikati ya viti vitupu. Walipofika kwenye meza ya pilau, nyama ilikuwa imekwisha.