Pilipili ya Dada Goreti

Juzi, katika mkahawa wa Kimeksiko wa mji mdogo ninakoishi sasa, harufu ya pilipili na nyama ya kuchoma ilinirudisha utotoni, mtaani kwetu Buyenzi, miaka ya vita. Dada yangu Goreti alikuwa amenipeleka kula brosheti, yaani mishikaki, tukimngoja Deo, mchumba wake, afike kwa basi kutoka Gitega. Mwanamke mwenye kibanda cha brosheti alikuja akamnong'oneza Dada. Alijimiminia pilipili, akala, machozi yakimchuruzika.

"Dada, acha, iko kali!"

"Ni pilipili tu, mudogo wangu. We kula."

Nyumbani nilimsimulia mama huku nacheka jinsi pilipili ilivyomliza Dada. Mama alimtazama Goreti usoni.

"Wameshambulia basi njiani?"

"Ndiyo, mama."

"Na Deo?"

Dada alitikisa kichwa: hakupona. Mimi nilikuwa bado nacheka.