Maua ya Baharini Yaliyomuua Dada Yangu

Wapo watakaosema niliota. Sikuota. Ilikuwa saa saba mchana, jua la Newala liko utosini, na dada yangu leo yuko kaburini Chilangala. Mtu hazikwi kwa ndoto.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, matajiri wa korosho wakaanza kupanda huku juu. Mmoja alijenga Newala, na dada, Mama Hadija, akawa mpishi wake. Sebuleni tajiri aliweka tangi la kioo lenye samaki wa baharini. Maji yake ya chumvi yaliletwa kwa madumu kutoka Mtwara, nasi tunapanga foleni kwa ndoo moja ya kunywa! Ndani mlikuwa na jiwe la matumbawe lililoota vitu kama vifungo vya shati, vimebanana, kila kimoja kina kinywa katikati na vinyuzi ukingoni. Vya kijani, vya machungwa. Vilipendeza, niamini. Tuliviita maua. Kumbe ni viumbe hai, tena vina sumu.

Vikaenea mno. Tajiri akasafiri, akamwachia dada kazi ya kulisafisha lile jiwe.

Siku hiyo nilikwenda kumsaidia. Nikiwa uani, nikasikia hodi. Alikuwa mwanamke mwembamba, kidole gumba kimefungwa kitambaa cha bluu.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Nani huku kwetu anaiacha shikamoo ianguke chini? Akasema kwa sauti iliyokauka:

"Mwambie mwenzio asiyaguse yale maua kwa mikono mitupu. Asiyakwangue. Na maji ya moto asiyamwagie kabisa. Mvuke wake unaua."

Nikageuka kumchotea maji ya kunywa. Niliporudi, hayupo. Nilikuwa nimetoka kufagia mchanga wa pale uani; nyayo zilizokuwapo zilikuwa zangu peke yangu.

Dada nilimwambia. Lakini nilimwambiaje? Kwa kucheka. "Kuna kichaa kapita hapa, anaogopa maua yenu." Naye akacheka. Nikabeba ndoo kwenda bombani.

Niliporudi, jiwe lilikuwa kwenye karai linafuka mvuke, madirisha ya jikoni yamefungwa. Dada amekaa sakafuni, anakohoa.

"Mdogo wangu, mdomo mchungu kama nimelamba shaba. Kifua kinabana."

Alikuwa anatetemeka kwa baridi, katika joto lile. Tukamkimbiza hospitali. Daktari akauliza amekula nini, amegusa nini. Tukasema ugali na kisamvu. Kesho yake alasiri akafariki.

Dereva wa tajiri alikuja msibani. Nikamsimulia habari za yule mwanamke. Akauliza, "Kidole gumba kilikuwa na kitambaa cha bluu?"

Kidole sikuwa nimemtajia.

"Huyo alikuwa mpishi wetu Mtwara," akasema. "Alijikata akilikwangua jiwe hilohilo. Mimi ni miongoni mwa tuliomzika."

Hadija, mwanawe, nimemlea mimi. Ameshakuwa mtu mzima, na mpaka leo hajui kwamba nilicheka.

Wewe unayefuga samaki wa baharini nyumbani, litazame vizuri jiwe lako. Ukiona vifungo vile, vaa glavu na miwani kabla hujatia mkono. Usivikwangue, usivichemshe, wala usivimwagie maji ya moto. Na kifua kikianza kubana, fungua milango, kimbilia hospitali, useme umegusa nini. Sisi tuliulizwa. Hatukusema.