Tairi Nne Zilizobaki Stoo

Mwaka 1979, nikiwa na miaka kumi na tatu, baba yangu alitoka nyumbani na sare yake ya jeshi ndani ya gunia, hakurudi. Shule ikaishia hapo, darasa la nne. Nikaanza kuziba panchari za baiskeli kando ya barabara kwa pampu ya kuazima. Sikufundishwa na mtu. Tairi naijua kwa kidole gumba: nakiingiza kwenye mitaro yake, nakuambia itafika wapi. Nayaandika haya ili mjue aliyeshindwa na televisheni ni mtu wa aina gani.

Mwaka jana, siku ya mvua, pikapu yangu iliteleza kwenye mteremko hapa Kisugu ikagonga ukuta wa jirani. Nilimwambia jirani ni tope. Nikamjengea ukuta mwingine, bora kuliko wake. Lakini binti yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi hospitali ya Mulago, akasema ni macho yangu, akataka ufunguo. Nikamwambia naendesha tangu yeye hajazaliwa. Akasema ndiyo shida yenyewe.

Wiki nzima hatukuelewana. Sasa, binti huyo ana gemu ya mashindano ya magari, yale ya barabara za vumbi na matope. Anacheza akitoka zamu, anasema inampumzisha. Jumapili moja akanifungia usukani wa plastiki kwenye meza ya chai, mbele ya televisheni. Sharti lilikuwa moja: hatua tatu, nikifika mwisho ufunguo unabaki mfukoni mwangu. Nisipofika, anauchukua. Nikakubali, maana sikuona wa kunishinda pale.

Kabla ya kuanza, gemu inakuuliza unataka tairi laini au ngumu. Laini inashika tope lakini inaisha upesi. Ngumu inavumilia mawe, ila kwenye maji inateleza. Nilipewa nne za kila aina, na stepni moja. Hatua ya kwanza ilikuwa ya mvua. Binti akanishauri nifunge ngumu, eti zinadumu. Nikamwambia arudi kwenye sindano zake. Nikafunga laini, nikapita lile tope kama mtu anayekwenda msikitini. Hatua ya pili vilevile. Binti yangu akaacha kula karanga.

Kabla ya hatua ya tatu wanakuruhusu kubadilisha tairi. Mbele kulikuwa na jua na mawe matupu. Pembeni ya skrini kuna picha ya tairi zako. Zangu zilianza na kijani, sasa mbili za nyuma zilikuwa nyekundu. Ubaya wa gemu ni kwamba huwezi kuingiza kidole. Na mimi sijawahi kutupa tairi kwa sababu ya rangi.

"Baba, funga zile ngumu."

"Hizi bado zina nyama."

"Nyama gani? Hapo umebaki mfupa."

Nikamwambia tairi kama hizo zimewahi kufikisha bibi harusi Masaka, tena na mizigo yake.

Sikwenda mbali, ikapasuka ya nyuma kushoto. Nikafunga stepni. Mbele kidogo ikapasuka ya kulia. Nikaendelea na chuma kitupu cha gurudumu mpaka gari likalala mtaroni na gemu ikanitoa. Yakatokea maandishi ya Kiingereza, nikamwambia anisomee. Akasoma polepole, kama anamsomea mgonjwa majibu: tairi mpya zilizobaki stoo, nne.

Akaniuliza kama sikuiona ile nyekundu.

"Niliiona vizuri sana. Macho yangu ni mazima."

"Basi si macho, Baba. Lete ufunguo."

Nikampa. Nikatoka nje, nikainama kwenye pikapu, nikajaribu kuingiza kidole gumba kwenye tairi ya nyuma. Hakikuingia popote. Nikajaribu na nyingine, hali ni ileile.

Leo nina duka la tairi hapa Kisugu, kompresa mbili na jeki nne. Nina nyumba ya matofali yenye vyumba sita, niliijenga mwenyewe. Nina kiwanja Lubaga, kina migomba. Nina watoto watano, wote wamesoma kunipita. Nina pikapu moja, na tairi zake nne ni mpya, nilizifunga kwa mkono wangu wiki ileile. Ufunguo uko kwenye mkoba wa binti yangu. Nikiwa na safari namwambia, ananipeleka. Anaendesha vizuri, ila anakanyaga breki mapema mno.