Niliacha masters ya biashara Dar nikafuate ya Uingereza: nikaagwa Kasansa, nikaishia Misunkumilo

Wakuu, wengi humu ni wajukuu zangu, kwa hiyo marahaba kabla hamjaniamkia.

Ninachoandika hakina chumvi. Ningekuwa natunga, ningetunga kitu kinachonipendeza.

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa Dar nasoma masters ya biashara kwa udhamini wa serikali. Enzi hizo mtu wa kwetu Mpimbwe mwenye degree moja alikuwa habari ya kijiji kizima, sembuse anayetafuta ya pili.

Mimi nikaona haitoshi.

Mwalimu mmoja mgeni alitusimulia kuhusu chuo fulani cha Uingereza, ambako ukimaliza tu mabenki yanakugombania. Nikaomba, nikapata admission. Nilitembea kifua mbele chuo kizima, acheni tu.

Sasa utaratibu ulikuwa huu: ukitaka udhamini wa nje, unaachia kwanza wa ndani. Wenzangu wakaniambia subiri tiketi itoke. Nikawaona wana wivu. Nikaachia.

Nikapanda treni hadi Mpanda, kisha nikadandia lori lililokuwa linafuata mpunga, nikashuka nyumbani Kasansa kuaga.

Hapo ndipo nilipojifunga kamba mwenyewe.

Baba alikuwa katekista. Jumapili akatangaza kanisani, padri akaniita mbele akaniwekea mikono kichwani. Baada ya misa wali ukapikwa, pombe ikatoka kwa majirani, kina mama wakacheza hadi vumbi likaingia kwenye masufuria. Mama yangu akanishika mashavu.

"Mwanangu, huko ule. Nyie mkishika vitabu mnasahau kula."

Kwetu mtu akishaagwa namna hiyo, ameenda. Hata ukirudi kuchukua kofia uliyosahau, watu wanaguna.

Nafika Mpanda mjini, ofisi ya wilaya naambiwa safari za masomo ya nje zimesimamishwa, nchi haina fedha za kigeni. Nikakimbilia posta kupiga simu chuoni Dar. Nafasi yangu alishapewa mwingine.

Wakuu, nilikaa chini nje ya ile posta kama mtu aliyefiwa. Dar sina changu tena. Nyumbani nimeshaagwa.

Nikaenda Misunkumilo, pembeni tu ya mji wa Mpanda. Msiione ilivyo leo, wakati ule ilikuwa mashamba. Nikapata chumba, nikawa nalima kibarua kwenye mahindi ya watu. Degree kichwani, jembe begani. Nikimwona mtu wa kwetu nashusha kofia usoni.

Lakini Mpanda ni ndogo. Habari zikamfikia baba, akanifuata. Nilidhani atanichapa. Akakaa kwenye kitanda changu cha kamba, akalia, mtu ambaye sikuwahi kumwona akilia.

"Kila Jumapili tunakuombea, wewe wa ng'ambo," akasema. "Mama yako ndiye anaanzisha sala. Sasa nikamwambie nini? Kaa kwanza huku, tutaona."

Nikakaa. Akija kuuza mpunga ananipitia, ananipa salamu za mama ambazo mama mwenyewe hakujua kama amezituma. Yaani mama alikuwa anasema tu, "Sijui mwanangu amekula nini leo," na baba ananiletea hayo maneno.

Masika yaliyofuata mama aliugua tumbo. Nilikuja kujua siku baba alipoingia kwangu amenyoa kichwa.

Walishamzika.

Akanieleza kuwa padri aliwaomba waumini wasinilaumu, maana niko mbali mno, hata ndege isingeniwahisha. Na mimi nilikuwa hapo Mpanda, ambapo lori la asubuhi linafika kwetu jioni.

Sikusoma tena. Maisha yalisogea, nikaoa, nikalima tumbaku Inyonga. Moyo wangu ulibaki palepale.

Vijana mnaoacha course mkafuate yenye jina kubwa, siwazuii. Ila usiachie ya kwanza hadi umekaa darasani kwenye ya pili. Na mambo yakivunjika, rudi nyumbani na aibu yako hivyohivyo.

Karibuni mchangie, hata matusi napokea. Ila anayevijua vijiji vyetu naomba anijibu hili, maana mimi limenishinda.

Ningerudi, wangenicheka kwa muda gani? Wiki? Msimu mmoja wa mpunga?

Na mama, angecheka nao?