Siku Niliyomtetea Dada Rehema

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, mdomo wangu ulipokuwa bado unaitangulia akili. Usicheke. Hata leo sijaota mvi, ila ziko siku zinazozeesha kuliko miaka.

Tulikuwa Woodbridge, hapa Marekani, nyumbani kwa rafiki yangu Neema, wanawake kama kumi tumejaa sebuleni tukipanga kichen pati yake. Matroni wake, wa kusimama naye siku ya harusi, angekuwa Dada Rehema. Neema alimchagua mwenyewe, maana alipofika nchi hii bila ndugu, Rehema ndiye aliyempokea na kumtafutia kazi ya kutunza wazee. Dada huyu hakuwa na mume wala mtoto. Heshima ile ilimfurahisha, wee! Kitenge cha sare alishakijaribu mara tatu.

Alikuwa jikoni akitukaangia sambusa, Mama Juma akashusha sauti.

"Mmeiona ile video?"

Zamani, kabla hatujajuana naye, Rehema alicheza filamu za ngono. Sasa kuna mtu ametoa moja huko ilikokuwa, inapita simu kwa simu.

"Kwa hiyo malaya ndiye awe matroni?" akaendelea Mama Juma.

"Si malaya bwana, aliigiza tu," mwingine akamjibu.

"Tofauti iko wapi? Yule kalipwa, huyu kalipwa. Huyu kaongezewa taa!"

Wakacheka. Nami kwa mapenzi yangu nikasimama kama wakili.

"Mama Juma, koma! Ile ni kazi ya kamera, ina mkataba. Dada Rehema umlinganishe na wale wachafu wanaojiuza barabarani?"

Nikajiona nimesema. Kugeuka, Rehema yuko mlangoni na sinia.

"Mdogo wangu," akaniambia taratibu, "mama yangu alijiuza. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa unga wetu, ndiyo iliyonipeleka shule. Usinipandishe kwa kumkanyaga mama."

Akamgeukia Mama Juma na wenzake.

"Na tofauti mnayoitafuta, nawapa. Wanaume wa mama walikwenda zao. Kazeeka sasa, wamemsahau, anasali zake kwa amani. Wangu hawaondoki. Leo wamenifuata mpaka hapa, kwenye simu zenu."

Akaweka sinia mezani, akachukua mkoba. Neema alimkimbilia hadi kwenye gari akilia, wapi! Harusi ikasimamiwa na mwingine. Nilimpigia Rehema wiki nzima, mwisho namba ikawa haipatikani. Nasikia kahamia jimbo jingine. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko ulimi, na mimi dole langu lingekuwa limepona zamani.

Mwanangu, sitakuficha: kazi hizo mbili sizipendi, wala sitaki uingie yoyote. Mara nyingi huanzia pale mtu anapokuwa na shida na mwingine akaijua shida yake. Kama zinatofautiana, aliyezibeba ndiye anayejua uzito. Sisi tuliokaa kwenye makochi tulikuwa tunagawa vyeo tu. Wala hakuna aliyeuliza kama Rehema alikuwa mzima.

Ukimtetea mtu, usitafute mwingine wa kukanyaga. Video ya namna ile ikifika kwako, ifute, iishie hapo. Na mtu akikupikia, kwanza mwite mkae mle.

Mungu akupe ulimi mzito na huruma nyepesi. Akuepushe na shida inayotafutiwa mnunuzi. Na Dada Rehema, popote alipo, amzungushie watu wema kuliko sisi. Amina.